Presha au Kanieneo? Watafiti wa Ubongo na Lugha ya Kukutania

Jioni moja, miaka michache iliyopita, mama mmoja jirani yetu hapa Igoma alipiga hodi nyumbani kwangu. Mtoto wake wa kwanza nilimfundisha Fizikia, na kwa sababu hiyo hunihesabu kuwa mtu wa kuulizwa mambo. Tulipokwisha kujuliana hali, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, wewe umefundisha sayansi. Hivi mtoto mchanga naye hupata presha?”

Nilimwomba anieleze vizuri. Mjukuu wake, aliyekuwa na miezi mitano, alikuwa akikua kichwa kupita kiasi cha mwili wake. Wakampeleka hospitali. Huko wakaambiwa kwamba mtoto ana presha kichwani, wakapewa karatasi ya kwenda kwenye kipimo, wakatakiwa warudi baada ya wiki mbili. Presha wanaijua. Mzee wa nyumba ile alikuwa akiishi nayo mwaka wa kumi: anameza vidonge, anapunguza chumvi, maisha yanaendelea. Basi nyumba nzima ikaacha chumvi. Mama mwenye kunyonyesha akakatazwa hata kuonja mchuzi. Fedha za kipimo zikatumika kwa mambo yaliyoonekana kuwa na haraka zaidi, na wiki mbili zikawa miezi miwili.

Nilichukua chupa ya plastiki, nikaitoboa chini, nikaijaza maji, nikamwonyesha yanavyotoka. Kisha nikaziba tundu kwa kidole, nikaendelea kumimina. Nikamwambia: “Mama, presha ya mzee iko kwenye damu. Hii ya mtoto ni maji ya ubongo yaliyokosa pa kutokea, yanasukuma ubongo kutoka ndani. Hayapungui kwa kuacha chumvi.” Akaitazama ile chupa, akasimama bila kuaga. Asubuhi yake waliondoka na basi la kwanza.

Mtoto alifanyiwa upasuaji. Yu hai, namshukuru Mungu, na anatembea. Macho yake, hata hivyo, hayaoni sawasawa, na waliomtibu walisema kwamba ile miezi miwili ilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Simlaumu aliyesema “presha”. Katika lugha aliyofundishiwa, neno lile lilikuwa sahihi. Simlaumu bibi pia, maana katika lugha anayoishi nayo alilielewa vilevile lilivyo. Kosa lilikaa katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Ndugu msomaji, katika uwanja huu tunazoea kujadili vina na mizani, asili za maneno na makosa ya magazeti. Leo naomba ruhusa nizungumzie jambo linaloonekana kuwa mbali na ushairi: namna ya kuwafunza watafiti wa ubongo, wale wa shahada za uzamili na uzamivu wanaotoka katika taaluma mbalimbali na kukutanishwa katika sayansi ya neva na uhandisi wa ubongo. Nadai kwamba kazi hiyo, kabla haijawa ya maabara, ni kazi ya lugha. Na kwamba sisi wenye Kiswahili tuna deni ndani yake.

Tuanze na neno lenyewe. “Presha” ilipohamia Kiswahili kutoka Kiingereza ilikuwa na makao mengi: hewa ya tairi, maji ya bomba, mvuke wa sufuria, damu ya mshipa. Kwetu mitaani, mtu akisema “ana presha”, makao ni moja tu, damu. Waandishi wa habari wanalo “shinikizo”, nao wamelifanya mtumishi wa siasa: shinikizo la wafadhili, shinikizo la wananchi, hospitali nazo zimelichukua kwa ajili ya damu hiyohiyo. Wataalamu wa istilahi wakatuundia “kanieneo”, yaani kani iliyosambaa juu ya eneo. Neno hilo nalipenda sana, kwa sababu lina maana yake yote tumboni mwake. Mwanafunzi akilivunja vipande viwili amekwisha kupata kanuni. Lakini ni nani hulitamka? Sekondari tunafundisha Fizikia kwa Kiingereza, hospitalini haliingii, na fundi wa pampu halijui. Tuna maneno matatu kwa jambo moja, na hakuna hata moja ambalo daktari, mhandisi na bibi wanaweza kulishika kwa pamoja.

Na jambo lenyewe si dogo. Ubongo wa mtu mzima huogelea katika maji maangavu yanayofikia kama mililita 150. Mwili hutengeneza kiasi cha mililita 500 za maji hayo kila siku, na maana yake ni kwamba hubadilishwa zaidi ya mara tatu kati ya asubuhi moja na nyingine. Njia ya kutokea ikiziba, utengenezaji hausimami. Kwa mtoto ambaye mifupa ya kichwa haijaungana, kichwa hutanuka. Ndiyo maana watu wetu huuita ugonjwa huu “kichwa kikubwa”. Hapo kuna tiba, kwa sababu kuna ubongo wa mtoto. Kuna uhandisi, kwa sababu kuna mtiririko, mrija na vali. Kuna hisabati, kwa sababu lazima ikadiriwe ni kiasi gani kitoke na kwa kasi gani. Mtu wa taaluma moja hauoni ugonjwa wote.

Hapa Igoma tunajua kwa uchungu kwamba huruma pekee haitoshi mbele ya kanieneo. Katika makaburi yetu wamelala wengi wa wale waliokufa katika meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilipopinduka karibu na Mwanza, haikuzama mara moja. Hewa iliyonaswa ndani iliishikilia juu ya maji, na ndani ya hewa hiyo walikuwamo watu hai. Walioshuhudia husimulia kwamba tumbo la meli lilitobolewa ili watu watolewe, hewa ikatoka, na meli ikaenda chini. Wale waliotoboa walitaka kuokoa. Kwa miaka yote niliyofundisha kanieneo sikuwahi kuutumia mfano huu darasani, kwa kuwa mbele yangu walikaa watoto ambao wazazi wao wamelala pale. Nautaja leo kwa sababu moja: palipo na chombo kilichofungwa, na uhai ndani yake, nia njema na chombo cha kutobolea haviwezi kumaliza kazi bila mtu wa tatu anayejua hewa na maji hufanyaje.

Sasa nisimulie kisa cha watu watatu ambao walikutana.

Wapenzi wa vitabu vya watoto wanamjua Roald Dahl, mwandishi Mwingereza. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, na kwamba alijifunza Kiswahili. Mwezi Desemba 1960, jijini New York, teksi iligonga kigari alimokuwa amelazwa mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne. Kichwa kiliumia, na maji ya ubongo yakakosa njia. Madaktari walimwekea mrija wenye vali ya kuyatoa, lakini vali ile iliziba, ikabadilishwa, ikaziba tena, na kila ilipoziba mtoto alirudi kwenye hatari ya kufa au kupofuka.

Dahl hakuwa daktari wala mhandisi. Alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno huwa na tabia ya kuuliza. Alimfahamu Stanley Wade, fundi hodari wa mitambo midogo, ambaye alitengeneza pampu ndogo sana za kupeleka mafuta katika injini za ndege za kuchezea. Akamkutanisha na Kenneth Till, mpasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Mpasuaji alieleza kinachoziba na kwa nini, fundi akaeleza chuma kidogo kinavyoweza kuruhusu maji yapite upande mmoja bila kunasa uchafu, na mwandishi akawa katikati yao akihakikisha hakuna swali linalopotea. Vali waliyoiunda ilipewa majina yao watatu, na taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1964. Walikubaliana kwamba hakuna atakayechukua faida. Theo mwenyewe alikuwa amekwisha kupata nafuu na hakuihitaji, lakini watoto kwa maelfu katika nchi mbalimbali waliwekewa.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu kina mwisho mwema. Mimi hukitazama kwa upande mwingine. Ili watu watatu hao wakutane, ilibidi mtoto agongwe na gari, baba yake awe mtu maarufu mwenye uwezo, na amfahamu fundi wa ndege za kuchezea. Ni msiba juu ya bahati. Mtoto wa Igoma hana bahati hiyo. Mafunzo ya pamoja ya watafiti, ninavyoyaelewa mimi, ni jitihada ya kuiondoa bahati katika jambo hili: kuhakikisha kwamba daktari na mhandisi wamekutana tangu ujanani, kabla mtoto hajaumia.

Wenzetu waliliona hilo zamani kidogo. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Cambridge walieleza kwa milinganyo ya hisabati jinsi umeme unavyosafiri katika uzi wa neva ya ngisi, na mwaka 1963 wakashiriki Tuzo ya Nobel. Tangu hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba neva ni mali ya wanabiolojia peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulianza kugharimia programu za uzamivu za taaluma mtambuka. Katika programu za namna hiyo mwanafunzi wa uhandisi huwekwa pamoja na wa biolojia na wa saikolojia; huzungushwa katika maabara zaidi ya moja; huwa na wasimamizi wa taaluma mbili; na hulazimika kueleza kazi yake mbele ya watu wasioijua. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na waulize wanafunzi wenyewe. Mhandisi husema “kelele” akimaanisha ishara isiyotakiwa katika kipimo. Daktari huisikia kama kelele ya wodini. Mmoja husema “mtandao” akifikiria kompyuta, mwingine anafikiria seli. Hukaa miezi wakibishana, kumbe hawapingani. Wanatumia neno moja kwa vitu viwili.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mfano bora ninaoujua uko kwa majirani zetu wa Uganda.

Mjini Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE, iliyojengwa kwa ajili ya magonjwa ya ubongo na mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpasuaji Benjamin Warf aliona pale kwamba mrija wenye vali, hata uwe mzuri vipi, una ila moja: huziba, na mama anayeishi mbali na hospitali hawezi kufika kwa wakati. Akaunganisha njia mbili za upasuaji kwa kamera nyembamba: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo wenyewe, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Watoto wengi hawakuhitaji tena kuishi na mrija. Angalia jinsi barabara mbovu na nauli ya mama zilivyoingia katika hesabu za upasuaji wa ubongo.

Ikabaki kujua watoto hao huugua kwa nini. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa Mbale waliugua baada ya maambukizi katika miezi ya kwanza ya maisha, lakini vijidudu wenyewe hawakuonekana. Aliyelishika swali hilo pamoja na Waganda ni Steven Schiff, mpasuaji wa ubongo aliyekuwa pia akiongoza kituo cha uhandisi wa neva katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Mtu mwenye mafunzo ya upande mmoja angeomba darubini kubwa zaidi. Wao walichukua kumbukumbu za mvua zilizopimwa kwa setilaiti, wakaziweka juu ya ramani ya vijiji walikotoka watoto, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba ugonjwa ulifuatana na majira, ukiongezeka wakati wa mvua za wastani. Kisha, kwa kusoma chembe za urithi zilizomo katika maji ya ubongo ya watoto 100, mwaka 2020 walitangaza kuwa wamekuta bakteria wa kundi la Paenibacillus, ambao njia za kawaida za kuotesha vijidudu hazikuwa zimewaona. Mpasuaji, mtaalamu wa mvua, mtu wa takwimu na mtu wa vinasaba walikuwa wakimtafuta adui mmoja.

Na huko Mbarara, Johnes Obungoloch, mhandisi Mganda aliyefanya uzamivu wake Penn State juu ya mashine nafuu ya kupiga picha za ubongo wa watoto hawa, alirudi kufundisha nyumbani. Mashine za MRI za hospitali kubwa mara nyingi huwa na sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5, zinahitaji kupozwa kwa gesi ya ghali na umeme usiokatika. Mwaka 2022 yeye na wenzake, wakishirikiana na Waholanzi wa Leiden na Delft, walipokea vipande na kuunganisha palepale Mbarara, kwa siku 11, mashine ya sumaku ndogondogo yenye nguvu ya karibu tesla 0.05. Picha zake hazina ung'avu wa zile za ghali. Lakini kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa swali la daktari ni jepesi kulipatia jibu: maji yako wapi, na ni mengi kiasi gani? Aliyejua kwamba swali ni hilo tu ndiye aliyeweza kuthubutu kujenga mashine ndogo. Mhandisi asiyeingia wodini angejenga kubwa, nasi tungeifunika turubai siku umeme ulipoiunguza.

Uganda hiyohiyo, mwaka 2011, vijana wa vyuo vikuu vya Afrika walikusanywa kujifunza sayansi ya neva kwa kutumia nzi wadogo wa matunda, katika shule iliyozaa shirika la TReND in Africa. Nzi wa matunda! Yule anayezunguka ndizi zilizoiva katika soko letu. Hawakungoja maabara ya mabilioni.

Nigeukie nyumbani, na hapa naanza kwa kukiri kosa langu.

Nilipofundisha, kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne walinijia na fomu zao za kuchagua masomo. Tulikuwa na vijisanduku: PCM kwa anayekwenda kwenye uhandisi, PCB kwa anayekwenda kwenye udaktari, HKL kwa mwenye lugha. Wa PCM aliiaga Biolojia milele. Wa PCB alibakiwa na hisabati ya kujikimu. Wa HKL alifungiwa mlango wa maabara. Nakumbuka msichana mmoja aliyekuwa wa kwanza katika Fizikia, na wakati huohuo akiandika mashairi ya kufuata mizani bila kuhesabu kwa vidole. Alitaka vyote viwili. Nilimwambia, kwa sauti ya hekima ya uongo, “Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka.” Aliniheshimu, akaliacha moja. Sitasema ni lipi. Siku bibi yule aliponiuliza juu ya presha, nilimkumbuka msichana yule, kwa maana ndiye hasa aliyehitajika pale katikati ambapo hapakuwa na mtu.

Mwaka 2024 serikali ilipanua tahasusi za kidato cha tano hadi kufikia 65. Ni hatua njema, na naipongeza. Ila kuongeza idadi ya vijisanduku si sawa na kuvitoboa. Kijana anaweza kuwa na masomo matatu mapya na bado asijue kumweleza wa tahasusi nyingine anachojifunza. Akifika chuo kikuu ukuta hunenepa, na akifika uzamivu anazungumza na watu kumi duniani.

Najua nitaulizwa kuhusu ile methali niliyomtupia msichana. Je, mtu anayejua kidogo katika kila taaluma si hatari kuliko asiyejua? Ni kweli, na simtaki mtafiti wa namna hiyo. Mpasuaji na awe mpasuaji wa kweli. Mhandisi naye azame katika uhandisi wake. Kinachotakiwa ni kwamba kila mmoja awe na kina katika yake, na masikio katika ya mwenzake. Till hakujifunza kuunda pampu, na Wade hakushika kisu cha upasuaji. Walijifunza kusikilizana. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini pia hakuna anayekitaka kidole gumba kijigeuze kuwa cha shahada.

Nitaulizwa pia: Kiswahili kinaingiaje, wakati sayansi inachapishwa kwa Kiingereza? Sisemi watafiti wetu waache Kiingereza. Wangejikata ulimi mbele ya dunia. Nasema Kiingereza kina udanganyifu mmoja kwetu. Watafiti wawili wa Kitanzania, mmoja daktari na mwingine mhandisi, wanaweza kutupiana istilahi za Kiingereza mwaka mzima, kila mmoja akiitikia kwa kichwa, bila kugundua kwamba hawajaelewana. Wakilazimika kulisema jambo kwa Kiswahili, pazia huanguka. Huwezi kusema “kanieneo ya maji ya ubongo” mpaka umejua ni kani ya nini, juu ya eneo gani. Lugha ya mama, au ile iliyo karibu nayo, haikubali kufichwa ndani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, kila mtafiti wa uzamili au uzamivu katika fani zinazougusa ubongo, awe daktari, mhandisi, mwanahisabati au mwanasaikolojia, aandike kurasa mbili za kazi yake kwa Kiswahili, na kuzisoma mbele ya hadhira iliyochanganyika: mtu wa taaluma nyingine, muuguzi, na mzazi wa mgonjwa mmoja. Wapewe nafasi ya kuuliza, na majibu yapewe alama. Asiyeweza kumjibu mzazi arudi akasome tena.

Pili, madarasa yabadilishane. Hapa Mwanza tunayo Hospitali ya Rufaa ya Bugando na chuo kikuu cha sayansi za afya ubavuni mwake. Arusha wanayo Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Mhandisi mwanafunzi akae wiki kadhaa wodini bila kugusa kitu, akitazama tu na kuandika maswali. Daktari mwanafunzi naye akae karakana, aone vali inavyoziba mbele ya macho yake.

Tatu, istilahi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ile ilifanywa na watu waliotutangulia kwa moyo, na iliziweka taaluma tatu ndani ya jalada moja. Sasa BAKITA na TATAKI wawaite watu wa neva na wa uhandisi waketi meza moja na washairi. Ndiyo, na washairi! Sisi tumezoea kulipima neno kwa uzito na kwa urefu wake, na kujua kama litatamkika au litamkwama mtu kooni. “Kanieneo” lilizaliwa zima, likakosa wa kulilea. Maneno hayalelewi na kamusi, hulelewa na vinywa.

Bibi yule bado ni jirani yangu. Siku hizi, mwenye mtoto mchanga akimwambia kwamba kichwa kinakua upesi, yeye hatafuti neno. Huomba chupa ya plastiki. Amefanya hivyo mara tatu ninazozijua, na mara moja mama aliondoka siku ileile kwenda Bugando. Hana shahada, lakini kazi anayoifanya ndiyo ninayoiomba kwa wenye shahada: anasimama katikati.

Kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa washairi, naacha beti mbili:

Maji yaliyo kichwani, yakikosa pa kuhama,
Tabibu yumo wodini, fundi yuko kwenye chuma,
Mama yuko mlangoni, hajui wanayosema,
Wote watatu ketini, mwana apate uzima.

Elimu si kama shamba, la kuwekewa mipaka,
Ni ziwa lenye kutamba, mito mingi yalifika,
Mwenye kasia na kamba, chombo kimoja huvuka,
Wote watatu ketini, mwana apate uzima.